Podre ya Mabingwa

Mama Euphrasie hapewi pole. Kasuku nzima, mtaa wetu wa Kindu, inalijua hilo, na asiyelijua hufundishwa mara moja tu. Mgeni akisimama mbele ya meza yake ya sabuni na podre, yaani poda, pale sokoni, akainamisha kichwa na kusema, "Pole, mama, nilisikia habari ya binti yako," yeye humpima kwa macho kutoka utosini hadi kwenye kandambili, kisha humwuliza, "Pole ya nini? Nani alikufa?" Mgeni hubabaika. Wenye meza za jirani hujifanya wanapanga nyanya.

Jina lake ni Marceline, lakini la mtoto ndilo analoliitikia. Na mtoto mwenyewe hajaonekana tangu mwaka wa tisini na nane, waasi walipoingia Kindu. Kupotea si kufa, husema Marceline. Siku ile watu walijazana kwenye mitumbwi wakashuka na mto. Wengine walitokea Kisangani, wengine Kinshasa, wengine hata Zambia, na baadaye wakarudi na vitambi na wajukuu. Kwa nini Euphrasie asirudi? Mumewe, Octave, alimsihi wafanye matanga ili moyo upoe. Padre naye alimsihi. Mawifi walikuja na kahawa na sukari kabisa, tayari kukesha, akawarudisha na sukari yao. Octave alikufa bado wakibishana, na hata siku ya kumzika, Marceline alikataza jina la binti lisitajwe miongoni mwa waliotangulia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, watu wakasema, wakamwacha na ukaidi wake.

Turudi kwenye mwaka wenyewe. Chuo cha Mwangaza kilikuwa na timu ya wasichana ya mpira wa kikapu, Dada wa Lualaba, na msimu ule hakuna aliyewafunga. Waliwatandika wa Kalima, wakawatandika wa Kampene, na wanaume wa Kindu, ambao mwanzoni walikuja uwanjani kucheka kaptula, wakaanza kuja mapema ili wapate pa kukaa. Nyota alikuwa Kyakimwa, jezi namba saba, binti wa mzee Kakule, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa na duka hapo Kasuku. Mpira ukifika mikononi mwa Kyakimwa, ulikuwa umekwisha kufika kikapuni. Kapteni alikuwa Sharifa, mtoto wa Waislamu wa mjini, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Na Euphrasie? Euphrasie alikuwa namba kumi na mbili, wa benchi. Kazi yake kubwa ilikuwa kubeba maji na kupiga kelele, na zote mbili alizifanya kuliko mtu yeyote katika Maniema. Yeye na Kyakimwa walikuwa chanda na pete, urefu mmoja, umbo moja, hata viatu waliazimana.

Fainali ilichezwa Kindu, na mji ulikuwa umeshika roho mkononi. Ilisemekana waasi wako karibu. Wengine wakasema ni maneno ya walevi. Mzee Kakule hakungoja kujua ni ya nani. Alipanda ndege na familia yake yote, isipokuwa Kyakimwa, aliyeapa kwamba hatoki Kindu kabla ya fainali.

Marceline hakuiona mechi. Alikwenda Kailo kwa dada yake kuchukua mchele na kuku wa karamu, maana hakuwa na shaka na ushindi. Ni desturi ya Kindu: mtu akishinda, uwe mtihani au mchezo, humwagiwa podre kichwani, ile ile wanayopakwa watoto wachanga, hadi anakuwa mweupe kama aliyelala kwenye gunia la unga. Marceline alikuwa ameweka kopo jipya juu ya kabati.

"Ukishinda, unigoje," alimwambia binti yake mlangoni. "Hii podre, muntu mwengine asikumwangie. Miye njo mama yako."

"Na kama unachelewa?"

"Nichelewe wapi? Ni Kailo tu, haiko Ulaya."

Alichelewa. Dada wa Lualaba walishinda, podre za watu zikawamwagikia kutoka kila mlango wa duka, na wakati wasichana wakizungushwa mitaani, weupe wote, huwezi kumjua huyu wala yule, risasi zikalia upande wa stesheni. Njia ya Kailo ikafungwa. Marceline alipofanikiwa kurudi, mchele ulikuwa umemwagika porini na kuku wameliwa na wenye bunduki. Alipewa habari mbili. Kyakimwa, yule nyota, alipigwa risasi akafa palepale. Uso wake haukutazamika, lakini jezi namba saba nani asiyeijua? Majirani walimfunika kitenge wakamzika jioni ileile. Na Euphrasie hakuonekana. Labda alikimbilia mtoni na wenzake.

Marceline alimlilia Kyakimwa mpaka sauti ikakauka. Na ndani ya kilio kile, Mungu amsamehe, kulikuwa na punje ya furaha: huyu si wangu.

Punje hiyo ilimtia aibu, na aibu ikazaa nadhiri. Kaburi la Kyakimwa halikuwa na mwenyewe. Duka la Kakule lilikuwa limeporwa hadi misumari, familia haikurudi tena, na Butembo na Kindu ni nchi moja kwenye ramani tu. Basi Marceline akasema: mimi nitamwangalia huyu mtoto wa watu, ili huko aliko wangu, mtu naye amwangalie. Kila Jumamosi alikwenda makaburini na jembe lake. Aling'oa majani, akasawazisha udongo, na msalaba wa saruji wenye jina la Kyakimwa akaupaka chokaa kila masika yalipoisha. Alizungumza naye pia, kwa kuwa kulima kimya kunachosha. Alimpa umbea wa soko: nani kaolewa, nani kafukuzwa, nani kanenepa ghafla. Na kabla ya kuondoka hakukosa kumtuma.

"Weye unaweza kuingia katika ndoto za wantu," alimwambia. "Ingia za mwenzako. Mupe salamu. Mwambie podre ingali juu ya kabati."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka msimu huu.

Msimu huu Dada wa Lualaba wamemaliza tena bila kufungwa hata na upepo, mara ya kwanza tangu wakati ule. Sharifa, kapteni wa zamani, alirudi chuoni miaka mingi iliyopita akawa kocha wao, na ile sauti haijapungua hata kidogo. Ubingwa ulipopatikana, Kindu iliruka kama maji kwenye mafuta ya moto. Video za wasichana weupe kwa podre zilizunguka kwenye simu hadi huko ambako Kindu hawaijui. Siku ya sherehe yenyewe, pikipiki zilipiga honi kutoka uwanja wa ndege hadi Kasuku, wanawake wakatandika vitenge vyao barabarani ili mabingwa wakanyage nguo wasikanyage vumbi, na mzee Bulaimu, ambaye hakuna furaha wala msiba wa Kasuku usio na mkono wake, alikuwa uani mwa chuo akiipiga ngoma kana kwamba anaidai.

Sharifa alikuwa amekwenda sokoni mwenyewe kumwomba Marceline.

"Mama Euphrasie, watoto wanakutaka weye. Podre ya kwanza, ya kapiteni, umwange weye."

Marceline alitaka kukataa. Kisha akafikiri: huenda Mungu anataka kuona mkono wangu bado unajua kumwaga. Akachukua kopo kutoka mezani kwake, si lile la kabatini, lile lina mwenyewe, akaenda.

Kwa hiyo alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kopo mkononi, na kapteni mpya, Sifa, amepiga magoti mbele yake akicheka, wakati pikipiki moja iliyochelewa ilipoingia langoni. Akashuka mwanamke mrefu, mnene kiasi, na miwani na mkoba wa safari. Alichechemea kidogo. Alisimama akiangalia goli la kikapu kwa muda, kisha akaita.

"Kapiteni Sharifa! Niliona video, nikakuja. Hunijui tena?"

Sharifa aligeuka. Filimbi ikamdondoka mdomoni.

"Audhubillahi," alisema, na sauti ile ya kuvuka mto ikatoka kama ya kifaranga. "Audhubillahi! Kyakimwa?"

Alirudi nyuma, akagonga ngoma, akaanguka nayo. Wanawake waliokuwa wametandika vitenge walivinyakua, wengine na viatu vya watu juu yake. Bulaimu alimtazama yule mwanamke, macho yakamtoka pima.

"Ule nilimuzika!" alipiga kelele. "Miye mwenyewe nilimuchimbia! Nilimubeba kwa miguu!" Na kwa umri wake ule, na goti lake lile, aliruka ukuta wa chuo.

Yule mwanamke alicheka kwanza, akidhani ni utani wa Kindu. Alipoona watoto wanalia na watu wazima wanajibana ukutani, kicheko kikamfia midomoni. "Kumbe nini? Njo miye Kyakimwa, binti ya Kakule. Munazika nani?"

Marceline peke yake hakukimbia. Huyu amempalilia miaka yote, amuogope kwa lipi? Alisogea taratibu, akanyoosha mkono wenye podre, akamshika shavu. Shavu lilikuwa na joto. Akalibonyeza. Akamfinya sikio, kwa nguvu, kama anavyofinywa mtoto mtundu.

"Aii, mama!" Kyakimwa alisema.

"Ni muntu," Marceline aliwatangazia watu. "Muje! Anaumia. Ni muntu!"

Na hapo ndipo furaha ilipomvamia, furaha ambayo hakuwahi kuionja tangu azaliwe, ikamjaa tele. Kama aliyezikwa amerudi na mkoba wake na miwani yake, basi asiyezikwa je? Wote waliomwambia matanga, matanga, wako wapi leo? Padre yuko wapi? Octave, umesikia huko uliko? Alichungulia nyuma ya bega la Kyakimwa, akatazama lango, akatazama barabara.

"Na yee?" aliuliza. "Euphrasie uko wapi? Anakuja na pikipiki ingine?"

Uso wa Kyakimwa ulibadilika. Alifungua mkoba, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa safi, akampa Marceline kwa mikono miwili kama anavyopewa mkubwa. Ilikuwa jezi kuukuu, rangi imepauka. Namba kumi na mbili.

"Nilikuletea hii, mama. Njo nilikuwa nimevaa wakati tulikimbia. Niliichunga miaka yote."

Marceline aliikumbatia, akainusa, akacheka na machozi. "Njo yake! Ni yake hii. Sasa mwenyewe uko wapi?"

"Mama." Kyakimwa aliwatazama watu mmoja mmoja, kama mtu aliyeingia nyumba siyo. "Mama, Euphrasie... si mulimuzika?"

Watu waliokuwa wamejibana ukutani wakaanza kusogea.

"Siku ile tulishinda, bantu walitaka kubeba nimero saba juu ya mabega," Kyakimwa alisema, na maneno yalimtoka kwa shida. "Miye muguu ilikuwa imevimba, sikuweza. Euphrasie akacheka. Akasema, nipe mayo yako, hiyo jezi, na weye uvae yangu. Na hii podre yote, nani atajua? Miye sikucheza hata dakika moja, basi leo wanibebe. Tulibadilisha nyuma ya duka ya papa. Wakamubeba, mama. Alikuwa anacheka sana. Wakati masasi ilianza, yee alikuwa juu ya mabega ya bantu, juu kabisa. Niliona anaanguka."

"Unadanganya," Marceline alisema.

"Nilijua ulimuzika. Nilijua uko na kaburi ya kulilia. Papa, nilipofika Butembo, alikuwa amesikia eti miye njo nilikufa. Alicheka tu, akasema vita inauaka bantu kwa mudomo kwanza. Sikujua kama Kindu wanaamini. Sikujua, mama."

Kofi lilimtoka Marceline kabla yeye mwenyewe hajajua. Liliacha alama nyeupe ya vidole vitano kwenye shavu la Kyakimwa, na Kyakimwa hakuinua mkono kulipangusa.

"Bulaimu!" Marceline aliita. "Bulaimu, uko wapi?"

Kichwa cha mzee kikatokeza juu ya ukuta.

"Weye ulimuzika. Uliona uso?"

"Uso haikukuwa ya kuangalia, Mama Euphrasie. Na kulikuwa na podre na damu. Niliona nimero. Wote tuliona nimero."

Marceline alisimama pale na jezi kifuani, na jambo moja likaanza kumwingia, polepole, kama maji yanavyoingia mtumbwi uliotoboka. Hakufikiria risasi. Hakufikiria mabega. Alifikiria Jumamosi. Alifikiria jembe lake, na chokaa, na umbea wote ule, na jinsi alivyokuwa akiinuka, akijipangusa magoti, akimtuma Kyakimwa kwa Euphrasie. Mupe salamu, mwambie podre ingali juu ya kabati. Salamu zilikuwa zikifika. Miaka yote zilikuwa zikifika palepale alipozisemea, kina cha mkono mmoja chini ya udongo, kwa mtu ambaye alimwita kwa jina la mwingine.

Kopo likamponyoka, podre ikamwagika kwenye vumbi. Sifa, yule kapteni mdogo aliyekuwa bado amepiga magoti na kichwa cheusi kisichomwagiwa kitu, aliinuka akamshika mkono. Marceline aliutoa mkono ule kwa upole na kuanza kutembea.

Hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Walimfuata: Sharifa akichechemea kwa ile ngoma, Kyakimwa akichechemea kwa mguu wake, wasichana na jezi zao mpya, wanawake na vitenge vyao, na mzee Bulaimu mbali nyuma. Marceline alipitia nyumbani. Aliingia peke yake. Walimsikia akivuta kiti, kisha akatoka na kopo la podre lililoota kutu kingoni.

Makaburini aliwaongoza bila kuangalia chini, kama mtu anayejua ngazi za nyumba yake. Kaburi lilikuwa safi. Hapakuwa na hata jani, maana Jumamosi ilikuwa imepita juzi tu. Kyakimwa alisoma jina lake msalabani, akaketi chini. Sharifa alimshika bega, naye akilia kwa sauti, akisema mambo ya Mungu kwa Kiarabu.

Marceline alivua kitenge chake cha juu, akakitandika kaburini kama wanavyotandikiwa mabingwa, akanyoosha pembe zake moja moja. Juu yake akailaza namba kumi na mbili. Kifuniko cha kopo kilikuwa kimeshikana kwa kutu. Sifa alitaka kumsaidia, akakataa, akakifungua kwa meno. Podre ilikuwa imegandana. Aliisugua kwenye viganja mpaka ikawa unga tena, kisha akaimwaga, upande wa kichwani kwanza, kama inavyotakiwa, hadi jezi ikawa nyeupe na namba zisisomeke.

"Uliningoja," alisema. "Uliningoja kweli, mama yangu. Miye njo nilichelewa na muchele."

Halafu akainuka, akajipangusa magoti kwa mazoea, akageuka. Watu wa Kasuku walikuwa wamesimama mbele yake, jirani zake, wateja wake, wale wa nyanya, wote vichwa chini, wote wakiogopa kufungua mdomo. Marceline aliwatazama. Akangoja. Alingoja mpaka Sharifa, ambaye hajawahi kuogopa mtu, akaelewa anachongojea.

"Pole, Mama Euphrasie," Sharifa alisema.

"Asante," Marceline alijibu.